Jinsi ya kudai fungu lako Uber, Lyft au Amazon Flex wanapolipa madereva Marekani

Notisi ya fidia haina sura ya pesa. Mara nyingi ni kadi ya posta yenye maandishi madogo kutoka kampuni ambayo hujawahi kuisikia, au barua pepe iliyoangukia kwenye taka pamoja na matangazo ya mikopo. Dereva aliyetoka kazini saa nane za usiku anaitupa. Baada ya miezi kadhaa mwenzake anamwambia amepokea dola elfu na kitu, na yeye anakuta tarehe imeshapita.

Nimeandika haya kwa wanaoendesha, au waliowahi kuendesha, gari la programu ya simu wakiwa Marekani: walioko Lowell na Worcester, Dallas, Columbus, Minneapolis, Portland ya Maine na kwingineko, pamoja na waliokwisha kurudi nyumbani. Kudai ni kazi unayoweza kuimaliza mwenyewe, bila kumlipa mtu hata senti. Lakini ujue tangu mwanzo kwamba suluhu ya kesi ni mauziano. Kampuni inakulipa, na wewe unaiachia haki yako ya kuishtaki kwa jambo hilo. Kwa hiyo mbele ya kila notisi kuna maswali mawili: nitapata nini, na ninatoa nini?

Pesa hizi zinatoka wapi

Kampuni za programu huwaita madereva wakandarasi huru. Mkandarasi anajilipia mafuta, bima, tairi na matengenezo. Hana saa za ziada, hana kima cha chini cha mshahara, hana likizo ya ugonjwa. Mwajiriwa anavyo vingi kati ya hivyo. Huko California, kwa mfano, sheria inamtaka mwajiri amrudishie mwajiriwa gharama alizotumia kwa ajili ya kazi, na kwa dereva hilo ni jambo kubwa kuliko yote. Madereva wakauliza: anayepanga nauli, anayekata kamisheni, anayeweza kuzima akaunti yangu bila kunisikiliza, si ndiye bosi?

Majimbo hayajibu swali hilo kwa namna moja. Massachusetts tangu 2004 ina kipimo kikali ambacho kinamhesabu mtu kuwa mwajiriwa mpaka kampuni ithibitishe vinginevyo. California iliingia njia hiyo kwa hukumu ya 2018 na sheria iliyoanza Januari 2020. Novemba mwaka huohuo wapiga kura wakapitisha Pendekezo la 22, lililowatoa madereva wa programu kwenye sheria hiyo, na Mahakama ya Juu ya California ikaliachia liendelee Julai 2024. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kuangalia uliendesha jimbo gani na mwaka gani kabla ya kuangalia kitu kingine chochote.

Usitarajie kwamba ukilipwa umeshakuwa mwajiriwa. Karibu suluhu zote husema kampuni haikiri kosa, na kesho yake unaamka ukiwa mkandarasi vilevile.

Hatua ya kwanza: jua ni malipo ya aina gani

Watu huita kila kitu “kesi ya Uber”. Ziko aina tatu, na kila moja ina taratibu zake.

Aina ya kwanza ni pesa zilizopatikana na serikali. Novemba 2023 Mwanasheria Mkuu wa New York alitangaza makubaliano ambayo Uber ingelipa dola milioni 290 na Lyft milioni 38. Hoja pale ilikuwa makato: kodi ya mauzo na ada ambazo abiria ndiye aliyepaswa kuzilipa zilikuwa zikitolewa kwenye mapato ya dereva. Waliohusika kwa Uber ni walioendesha kati ya Novemba 2014 na Mei 2017; kwa Lyft, kati ya Oktoba 2015 na Julai 2017. Juni 2024 ikaja Massachusetts. Kesi iliyofunguliwa Julai 2020, yenye hoja hasa ya nani ni mwajiriwa, iliisha kwa dola milioni 175, Uber ikibeba 148 na Lyft 27. Sehemu kubwa ilitengwa kwa ajili ya madereva walioendesha kati ya Julai 14, 2020 na Julai 2, 2024, na makubaliano yaliweka pia kima cha chini cha dola 32.50 kwa saa, zikihesabiwa saa za safari, yaani tangu unapokubali ombi hadi unapomshusha abiria. Mwaka 2021 Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, iliitaka Amazon irudishe bakshishi za madereva wa Flex, wanaoipelekea vifurushi: dola milioni 61.7, na kabla mwaka haujaisha hundi zilikwisha kutumwa kwa madereva zaidi ya 140,000. Kwenye aina hii wakili wa upande wako ni serikali, na hakuna asilimia inayokatwa kumlipa wakili binafsi.

Aina ya pili ni kesi ya pamoja. Madereva wachache wanafungua kesi kwa niaba ya wote walio katika hali kama yao, jaji anaidhinisha kundi, na suluhu ikifikiwa inamfunga kila aliyemo isipokuwa aliyejitoa kwa maandishi. Huku ndiko mauziano yanakotokea bila wewe kusema neno, na ndiko mwongozo huu utakakokaa zaidi.

Aina ya tatu ni usuluhishi wa mtu mmojammoja. Ulipobonyeza “nakubali” kwenye mkataba wa programu, kwa kawaida ulikubali pia kwamba mgogoro wowote utakwenda kwa msuluhishi binafsi badala ya mahakamani na kwamba hutajiunga na kesi ya pamoja. Mei 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema masharti ya namna hiyo ni halali kwa wafanyakazi. Mawakili wa madereva wakajibu kwa kupeleka madai ya usuluhishi kwa maelfu, kila mtu la kwake. Mwaka 2019, ikijiandaa kuuza hisa, Uber yenyewe iliwaeleza wawekezaji kwamba ilitarajia kutumia kati ya dola milioni 146 na 170 kumalizana na madereva wapatao 60,000 kwa njia hiyo. Huku hulipwi kwa kuwa kwenye orodha ya kampuni. Ni lazima uwe umesaini na wakili aliyepeleka dai lako.

Hatua ya pili: je, umo?

Notisi itataja kundi kwa sentensi moja ndefu: waliotumia programu fulani, jimbo fulani, kati ya tarehe fulani, ambao… Maneno yanayofuata “ambao” ndiyo yanayowatoa wengi.

Kesi ya O’Connor dhidi ya Uber inaonyesha vizuri. Ilifunguliwa San Francisco mwaka 2013. Mwaka 2016 kulikuwa na pendekezo la hadi dola milioni 100 kwa madereva wapatao 385,000 wa California na Massachusetts. Jaji Edward Chen alilikataa, kwa sababu miongoni mwa mengine kulikuwa na madai ya adhabu za kisheria yaliyokadiriwa kuweza kuzidi dola bilioni moja na yalikuwa yanazimwa kwa milioni moja tu. Kisha Septemba 2018 mahakama ya rufaa ikavunja kundi kwa sababu ya vile vifungu vya usuluhishi. Suluhu ya mwisho, 2019, ilikuwa dola milioni 20 kwa watu takribani 13,600. Wote hao waliendesha barabara zilezile na wale mamia ya maelfu. Tofauti kubwa ilikuwa kwamba wao hawakufungwa na kifungu cha usuluhishi. Baadaye, kesi nyingine ya California iliyoisha 2022 kwa dola milioni 8.4 iliwahusu madereva wapatao 1,300 tu, nao ni wale waliojitoa kwenye usuluhishi kwa maandishi ndani ya muda.

Wanaobeba vifurushi wana nafasi tofauti na wanaobeba abiria. Sheria ya usuluhishi ya mwaka 1925 inawaacha nje wafanyakazi wa usafirishaji wa biashara baina ya majimbo. Katika kesi ya Waithaka dhidi ya Amazon, jina ambalo Mkenya yeyote atalitambua, mahakama ya rufaa ya Boston ilisema mwaka 2020 kwamba dereva wa Flex anayefikisha mzigo mlangoni yumo kwenye kundi hilo hata kama yeye mwenyewe havuki mpaka wa jimbo. Mwaka uliofuata mahakama hiyohiyo iliwaambia madereva wa Lyft kwamba wao hawamo. Kwa hiyo kama umefanya kazi zote mbili, usichukue jibu la upande mmoja ukalipeleka upande wa pili.

Ukiona tarehe zinagusa hata wiki moja uliyoendesha, chukulia kwamba unaweza kuwa umo na endelea. Kuamua kwamba haumo ni kazi ya msimamizi wa madai, yaani kampuni inayopokea fomu na kugawa pesa; usimsaidie kwa kujikatia tamaa.

Hatua ya tatu: hakikisha si matapeli

Kila fidia kubwa ikitangazwa, walaghai huamka nayo. Usibonyeze kiungo kilichokuja kwa ujumbe mfupi au kwenye kundi la WhatsApp. Chukua jina la kesi na namba yake, kisha tafuta mwenyewe. Kama ni ya serikali, ingia kwenye tovuti ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo, ambayo huishia na .gov, ufuate kiungo kutoka hapo. Kama ni kesi ya pamoja, notisi ya kweli itakuwa na jina la mahakama, jina la jaji, namba ya kesi na majina ya mawakili wa kundi. Piga simu kwenye ofisi ya wakili huyo kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, si ile iliyo kwenye ujumbe, na umuulize kama tovuti ya madai ndiyo hiyo. Unaweza pia kupiga kwa karani wa mahakama na kumtajia namba ya kesi.

Hakuna malipo ya kudai. Hakuna “ada ya kufungua faili”, hakuna kadi ya zawadi ya kununua, hakuna anayehitaji nenosiri la akaunti yako ya Uber. Wapo pia wanaojitokeza kukujazia fomu kwa asilimia 20 au 30 ya utakachopata. Hiyo huenda isiwe wizi, lakini ni kutoa pesa bure kwa kazi ya dakika ishirini. Kama Kiingereza kinakusumbua, mwite kijana wa nyumbani akae nawe, au piga simu ya ofisi ya jimbo na useme “Swahili”. Ofisi nyingi za serikali zina wakalimani wa simu, na huduma hiyo hailipiwi.

Hatua ya nne: kusanya kumbukumbu zako kabla ya kugusa fomu

Mara nyingi msimamizi ana takwimu za kampuni na hakuulizi uthibitisho wa safari. Lakini takwimu zikiwa na kasoro, mwenye karatasi ndiye anayesikilizwa. Tafuta hivi:

- Barua pepe na namba ya simu uliyojisajili nayo wakati ule, hata kama huitumii tena. Namba ya dai, inayoandikwa “Claim ID”, hutumwa huko. Tafuta kwenye sanduku la zamani, pamoja na folda ya taka, maneno “settlement”, “class action” na jina la kampuni.
- Muhtasari wa kodi wa kila mwaka kutoka kwenye akaunti ya dereva, pamoja na fomu za 1099, zinazoonyesha mapato ya mkandarasi. Muhtasari huo huonyesha maili za safari, na maili ndizo hutumika mara nyingi kugawa pesa.
- Taarifa za malipo za kila wiki.
- Taarifa za benki zinazoonyesha amana kutoka kampuni. Hizi zinaokoa mtu ambaye akaunti yake ilizimwa.
- Barua yoyote uliyoandika kujitoa kwenye usuluhishi, na jibu lake kama lipo.

Akaunti ikiwa imefungwa, bado unaweza kuomba nakala ya data zako kupitia ukurasa wa faragha wa kampuni. Iombe mapema, kwa sababu huchukua siku. Hifadhi kila kitu mahali pawili. Simu huanguka, na yenye picha za skrini za miaka mitano ndiyo huanguka kwanza.

Hatua ya tano: kujaza fomu

Fomu yenyewe ni fupi. Panapokwama ni pale pale kila mara: jina.

Sisi majina yetu hayakai vizuri kwenye masanduku ya Wamarekani. Mtu anaitwa Juma Hassan Ali. Leseni inasema Juma H. Ali, akaunti ya Lyft inasema Juma Hassan, kadi ya Social Security inasema Ali Juma Hassan kwa sababu karani alichanganya siku ya kwanza. Kwenye fomu, jina la kuandikiwa hundi liwe lile lililoko kwenye kitambulisho na benki yako ya leo. Pale panapoulizwa jina la akaunti au majina mengine uliyotumia, andika kila umbo, neno kwa neno, kama lilivyokuwa kwenye programu. Fomu isipokuwa na nafasi hiyo, mwandikie msimamizi barua pepe siku hiyohiyo ukitaja namba yako ya dai na maumbo yote ya jina. Fanya vivyo hivyo kama umebadili jina kwa ndoa au kwa kupata uraia.

Namba ya Social Security, au ITIN, ambayo ni namba ya kodi ya asiye na Social Security, huombwa kwa sababu ya kodi, kupitia fomu ya W-9. Usipoitoa, mlipaji anaweza kulazimika kukata asilimia 24 na kuipeleka kwa mamlaka ya kodi. Usiandike namba isiyo yako kwa sababu yoyote ile. Kuhusu hali ya uhamiaji, fomu za aina hii kwa kawaida haziulizi, na mahakama za Marekani zimeshikilia kwa muda mrefu kwamba sheria ya shirikisho ya mishahara inamlinda mtu kwa kazi aliyokwisha kuifanya, awe na karatasi au asiwe nazo. Hata hivyo, kama uliendesha kabla ya kupata kibali cha kazi na una faili la hifadhi au la ukazi linaloendelea, ongea na wakili wa uhamiaji kabla ya kusaini. Mashirika ya msaada wa kisheria hufanya hivyo bila malipo.

Wapo pia wanaozungumzwa kwa sauti ya chini: walioendesha kwa akaunti ya mtu mwingine. Pesa huandikwa kwa mwenye akaunti. Fomu husainiwa chini ya adhabu ya kiapo cha uongo, kwa hiyo usisaini kama yeye, na yeye asisaini kwamba aliendesha safari ambazo hakuendesha. Nendeni pamoja kwa mwanasheria mkaeleze ukweli. Ni aibu ya saa moja, na ni nafuu kuliko kosa la jinai.

Kwenye namna ya kulipwa, chagua malipo ya kielektroniki kama yapo. Ukichagua hundi, weka anwani ambayo utakuwepo mwaka mzima ujao. Madereva huhama sana, na hundi humfuata mtu kwenye nyumba ya zamani. Ukimaliza, piga picha ya ukurasa wa uthibitisho wenye namba. Kama unatuma kwa posta, tuma kwa njia yenye risiti na ufuatiliaji, na usome vizuri: je, tarehe ya mwisho ni ya kutuma au ya kupokelewa?

Hatua ya sita: soma unachokitoa

Kila notisi ya kesi ya pamoja ina sehemu yenye neno “Release”. Isome mara mbili. Hapo ndipo penye orodha ya madai unayoyaachia na kipindi kinachohusika. Nyingine ni finyu: gharama na mishahara ya kazi hiyo kwa miaka hiyo. Nyingine zimepanuliwa hadi kugusa kila dai linalohusiana na kazi yako, lijulikanalo na lisilojulikana. Kama una jambo lako zito, kwa mfano ulijeruhiwa kwenye ajali, ulizimwa akaunti kwa sababu unayoiona ya kibaguzi, au una wakili anayeshughulikia usuluhishi wako, mpigie simu wakili wa kundi na umuulize waziwazi kama maneno hayo yanaligusa. Anawawakilisha wote walio kwenye kundi, wewe ukiwamo, na simu hiyo hulipii.

Una njia nne. Unaweza kudai na kulipwa. Unaweza kujitoa, “Opt Out”, ukabaki na haki ya kushtaki mwenyewe lakini bila fungu. Unaweza kubaki ndani ukaweka pingamizi kwa jaji kwamba suluhu haitoshi. Au unaweza kunyamaza. Kunyamaza ndiko kubaya kuliko yote pale ambapo malipo yanahitaji fomu, kwa sababu haki yako inauzwa na hupati kitu. Ziko suluhu zinazolipa bila fomu, lakini hata hizo zinahitaji anwani sahihi.

Pingamizi si kazi ya bure. Mwaka 2016 suluhu ya Lyft huko California ya dola milioni 12.25 ilifika mbele ya Jaji Vince Chhabria akaikataa; madai ya gharama za maili yalikuwa yamekua sana tangu mawakili wapige hesabu yao ya mwanzo. Pande zote zikarudi na dola milioni 27, na hiyo ndiyo iliyopita 2017. Barua ya pingamizi inaweza kuwa ya ukurasa mmoja, yenye jina lako, namba ya kesi, kwamba uko kwenye kundi, na sababu yako kwa lugha ya kawaida.

Kujitoa ni kwa mwenye dai kubwa na mwenye wakili. Ukijitoa, saa ya ukomo, yaani muda wa kufungua kesi, inaanza tena kukuhesabia. Chini ya sheria ya shirikisho ni miaka miwili, au mitatu kama kampuni ilivunja sheria kwa kujua. Massachusetts ni mitatu. New York ni sita. Usijitoe kwa hasira halafu ukakaa.

Utapata kiasi gani

Fungu linalotangazwa redioni si fungu linalogawanywa. Tuchukue mfano wa kubuni. Suluhu ni dola milioni 12. Mawakili wanaomba robo, ambayo ni kiwango cha kawaida katika mahakama za shirikisho za magharibi. Kwingine hufika theluthi. Imetoka milioni 3. Gharama za usimamizi, tuzo ndogo kwa madereva walioweka majina yao kwenye kesi, na sehemu ya adhabu inayokwenda kwa serikali ya jimbo vinachukua nusu milioni. Inabaki milioni 8.5. Kama waliodai wana jumla ya maili milioni 50, kila maili ni senti 17, na dereva mwenye maili 20,000 anapata dola 3,400.

Sasa angalia kitu kimoja. Katika suluhu nyingi, asiyedai sehemu yake hugawiwa waliodai. Kama waliodai wangekuwa na maili milioni 25 tu, huyu dereva angepata dola 6,800. Kwa mwenye maili chache hesabu huwa ndogo, pengine dola 40. Dai hata hizo.

Baada ya kutuma

Utasubiri. Jaji hutoa kibali cha awali, notisi zinatumwa, kisha kinakuja kikao cha mwisho ambapo anapima kama suluhu ni ya haki. Mtu mmoja akikata rufaa, unaweza kuongezeka mwaka au zaidi. Tarehe ya kikao imo kwenye notisi, na yeyote anaweza kuhudhuria.

Ukipata barua inayosema dai lako lina upungufu, usiichukue kama kukataliwa. Huwa inataka kitu kimoja: saini iliyosahaulika, jina lisilolingana, tarakimu. Lakini muda wake ni mfupi, mara nyingi wiki chache. Ukiona maili walizokuandikia ni chache kuliko zako, pinga kwa maandishi ukiambatanisha ule muhtasari wa kodi. Na kama umechelewa tarehe ya kudai, tuma hata hivyo pamoja na barua fupi ya sababu. Majaji huruhusu madai ya kuchelewa mara kwa mara, hasa pesa zikiwa hazijagawanywa.

Hundi ikifika, iweke benki wiki hiyohiyo. Za FTC huisha kwa siku 90, na za mahakama nazo huwa na tarehe iliyochapwa usoni. Ikipitwa, omba nyingine kwa msimamizi. Kama ofisi yake imeshafunga hesabu, tafuta jina lako kwenye orodha ya mali zisizodaiwa ya jimbo ulilokuwa ukiishi, kwani fedha nyingine huishia huko na hukaa zikikusubiri. Tafuta maumbo yote ya jina lako, hata lile lililokosewa.

Pesa hizi kwa kawaida zina kodi. Sehemu inayoitwa mshahara inaweza kuja na fomu ya W-2, kodi ikiwa imeshakatwa, na sehemu nyingine na 1099. Weka notisi pamoja na karatasi za kodi za mwaka uliolipwa, umwonyeshe anayekuandalia ritani. Kama familia inapokea msaada wa chakula au bima ya afya ya serikali, toa taarifa ya malipo hayo kwa ofisi husika kabla hawajayaona wenyewe.

Kama umesharudi nyumbani

Kuondoka Marekani hakukufuti kwenye kundi. Uliyeendesha Boston mwaka 2021 na leo uko Eldoret au Bukavu, fungu ni lako. Tatizo ni njia ya kulifikisha. Hundi ya dola ya Marekani huchukua wiki nyingi kupita kwenye benki zetu, na nyingine huzikataa kabisa. Kama bado una akaunti ya benki kule, usiifunge, omba malipo yaingie hapo. Kama huna, mwandikie msimamizi umuulize njia anazoweza kutumia nje ya nchi kabla ya kuchagua hundi. Anwani ya ndugu inafaa kupokea barua, lakini jina kwenye hundi libaki lako. Asiye raia wala mkazi wa Marekani kwa kodi huombwa fomu ya W-8BEN badala ya W-9. Mwenye kadi ya kijani bado ni W-9, hata akiwa likizo ndefu Mombasa.

Kabla hujawasha programu kesho

Mikataba ya programu husasishwa kila mara, na karibu kila toleo la kampuni kubwa lina sehemu ya usuluhishi yenye siku chache za kujitoa, kwa Uber na Lyft 30. Siku hizo huhesabiwa tangu ulipokubali. Ukiletewa mkataba mpya, usibonyeze kwanza. Fungua sehemu yenye neno “Arbitration” na utafute anwani ya barua pepe iliyotajwa pale. Tuma ujumbe kutoka barua pepe ileile ya akaunti yako. Andika jina lako kamili kama lilivyo kwenye programu, namba ya simu, mji unaoendesha, tarehe uliyokubali mkataba, na sentensi moja ya Kiingereza: “I opt out of the arbitration provision.” Kampuni zenyewe huandika kwenye mikataba yao kwamba hazitamwadhibu dereva kwa kujitoa; ipige picha sentensi hiyo pia. Kama uliwahi kukubali toleo la zamani bila kujitoa, mkataba mpya unaweza kukuacha umefungwa na lile la kwanza, kwa hiyo soma wanasema nini kuhusu matoleo yaliyotangulia. Tuma hata hivyo, ujitumie nakala, na uihifadhi pamoja na muhtasari wako wa maili.